Impala Iliyopima Chumvi

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya gari lenye urefu wa shubiri moja. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani nilifuata madini, kazi au mchumba, kama wafanyavyo watu wenye akili.

Mimi hukusanya vigari vya chuma, mifano midogo ya yale magari marefu ya zamani ya Marekani, yenye mapezi ya samaki nyuma na taa nyekundu kama macho ya mlevi. Nimeviokota katika miji niliyotangatanga, Ndola, Mwanza, Dar es Salaam, mara nyingi kwenye mitumba, chini ya nguo za watoto. Kabati limejaa. Kilikosekana kimoja tu, cha kwanza: Impala nyekundu yenye paa jeupe. Marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli mjini Kindu, aliinunua huko Kalima kwa mzungu wa migodini aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Aliiweka juu ya redio, na sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama. Vita vilipokaribia tulipanda treni na godoro, pasi ya makaa na picha ya harusi. Impala ilibaki juu ya redio. Tangu hapo nimekusanya magari yote isipokuwa lile lililonifanya nikusanye.

Mwaka huu mzee mmoja wa reli, rafiki wa baba, alipita Lubumbashi akaniambia kwamba gari letu bado lipo, kwa Mama Zaina aliyekuwa jirani yetu. Sikuuliza zaidi. Nilitia begini Impala nyingine, mpya, ya rangi ileile, iliyokaa miaka ndani ya sanduku lake lenye dirisha, ambayo hata mimi sikuwa nimeigusa kwa kidole. Mpango ulikuwa rahisi: nitampa jirani gari zuri, atanipa gari bovu, na kila mmoja atamhurumia mwenzake.

Kamina. Treni ilipumzika. Treni zetu hupumzika kama wakwe: hakuna anayethubutu kuziuliza zitaondoka lini. Abiria walishuka, wakawasha moto kandokando ya reli, wakapika, wakafua, wakaanika.

Kabalo, kisha Kongolo. Tulikuwa tumeshakuwa kijiji. Tulikuwa na mchungaji wetu, kinyozi wetu, na ugomvi wetu wa mpaka kati ya benchi la tatu na la nne.

Kibombo. Magunia ya mchele yalipanda na wenyewe, na mwanamke mmoja akaketi karibu yangu, juu ya gunia lake. Aliona sanduku langu, akaomba nimweleze. Nilimweleza kwa kirefu, kama tufanyavyo sisi wakusanyaji tukipata mtu asiyeweza kukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na iko inabeba watu ngapi?"

Nikamjibu kwamba haibebi mtu, wala haiendi popote.

"Sawa," akasema. "Njo kama hii treni." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Kindu. Mto Lualaba ulikuwa palepale, mpana na usio na haraka, na mitumbwi ikivusha watu kwenda Alunguli, ng'ambo. Nyumba yetu haikuwa palepale. Kuta ndizo zilezile, lakini ndani mlikuwa na kanisa dogo la maombi, na mahali pa redio ya baba palisimama spika kubwa kuliko mlango. Niliwasikiliza wakiimba wimbo mzima, kisha nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi kwa Mama Zaina.

Alikuwa mlangoni amejifunga mtandio, amezeeka vizuri. Alinitazama kichwani kabla ya usoni. "Iko kichwa ya Papa Ilunga," akasema, akimtaja baba. "Ingia, mutoto yangu. Umekuja na chakula ao umekuja na njaa?"

Impala niliiona kabla sijaketi. Ilikuwa juu ya sahani ya mizani, uani, ikipima chumvi.

Kwa mkusanyaji, rangi iliyochubuka ni msiba. Hapa hapakuwa hata na maiti ya kulilia. Paa jeupe lilikuwa limesuguliwa na mikono mpaka chuma kikang'aa, matairi hayakuwepo, wekundu ulikuwa umejificha kwenye mikunjo ya milango tu, kama ugoro kwenye kucha.

Mama Zaina alinisimulia huku akinipakulia. Wakati wa vita askari waliingia nyumbani kwetu wakachukua redio, na gari wakalitupa sakafuni kwa kuwa ni la watoto. Kwake walichukua mawe ya mizani, kwa kuwa yalikuwa ya shaba. Treni ilikatika, chumvi ikawa inaletwa na ndege, ghali kama dawa. Wanawake wa mtaa wakachangishana, wakanunua gunia moja, wakawa na mizani isiyo na mawe. Ndipo akakumbuka gari, akaenda kuliokota. Lina uzito wa nusu kilo kasoro kidogo, na kasoro hiyo iliwapata wote sawasawa. Tangu siku hiyo uani hapa watu hununua gunia kwa pamoja na kugawana kwa Impala. Mawe ya kweli yalirudi sokoni zamani, lakini mawe ya kweli, alisema, wachuuzi huyatoboa kwa chini. Impala haijatobolewa.

Nilitoa sanduku langu, nikaomba tubadilishane. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama. Nilifungua milango midogo, nikainua kapo, yaani boneti, kuonyesha injini. Walisifu sana. Kisha Mama Sifa, mjane wa reli kutoka Kasai, akaliweka gari langu kwenye sahani moja na la baba kwenye nyingine. La baba lilishuka. Langu likapaa na kubaki hewani, zuri, limefungua milango.

Chini lilikuwa la plastiki. Miaka yote sikujua, kwa sababu sikuwa nimeligusa.

"Gari yako iko na njaa, papa," Mama Sifa akasema. "Tuilishe."

Shemeji yake huchimba Kalima, na nyumbani Mama Sifa alikuwa na mkebe wenye punje za kasiterite, yale madini mazito ya bati. Waling'oa injini kwa ncha ya kisu. Nilitazama pembeni. Wakamimina punje kidogokidogo, kila mwanamke akiangalia, mpaka sahani zikasimama sawa kabisa; wakaziba kwa nta ya mshumaa. Mama Zaina akanikabidhi Impala ya baba. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, na ilinuka chumvi. Nilikuwa nimemaliza. Kabati langu lilikuwa limetimia.

Asubuhi iliyofuata walikuwa na mgawo. Wa kwanza alipimiwa kwa gari jipya, akatazama chungu yake ya chumvi, akasema, "Rudia." Ikarudiwa, ikawa ileile. Wa pili akasema chungu ya wa kwanza inaonekana kubwa. Wa tatu hakutaka kupokea kabla ya wa nne. Mama Sifa mwenyewe alikataa fungu lake.

"Mimi njo niliijaza," akasema, "lakini sasa sijui iko na nini ndani."

Sauti zilipanda. Mmoja akamtajia mwenzake mumewe, na mwenzake akamtajia mama yake. Hawakuwahi kugombana kwenye mizani, hata wakati risasi zilipolia ng'ambo. Mama Zaina aliacha kupima, akaja kuketi karibu yangu.

"Chumvi iko sawa," akaniambia taratibu. "Lakini ile gari ilituona na njaa. Hii yako imetukuta tumeshiba."

Hakuniomba kitu. Angeniomba ningeweza kukataa. Nilikuwa nimesafiri mbali na nilikuwa na hoja. Nililitoa gari la baba begini, nikaenda mwenyewe kuliweka kwenye sahani, na lile jipya nikalirudisha begini. Wa kwanza alipimiwa upya. Chungu ilikuwa ileile. Akaipokea, akaondoka.

Siku niliyoondoka Kindu sikuahidi kurudi, na hakuna aliyenidai ahadi. Nyumba ni ya waimbaji, gari ni la wenye chumvi. Nilichojifunza ni kidogo: kitu ambacho bado kina kazi hakikusanywi. Mimi nilikuwa nikiwatafuta wastaafu.

Stesheni afisa wa madini alipekua mizigo, akitafuta madini ya magendo. Aliitoa Impala yangu mpya, akaipima mkononi, uso ukabadilika.

"Iko na nini ndani, papa?"

"Injini," nikasema.

Akaipima tena, akamwonyesha mwenzake. "Ya Amerika njo iko hivi," akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyeendesha nyingi, na akanirudishia.