Sketi za Kaki za Baba

Kitambaa cha kaki kikinyunyiziwa maji kisha kikapigwa pasi ya mkaa hutoa harufu ya nafaka inayoanza kuungua. Harufu hiyo ikinifikia hapa Korogwe, katika kibanda changu cha ushonaji, narudi Mazingara, kijijini kwetu Handeni, kwenye baraza ya duka ambako baba yangu aliweka cherehani yake. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo nyumbani tulikuwa wawili tu, baba na mimi binti yake. Kijijini walimwita Fundi. Alishona sare za shule, kanzu za Idi na mapazia ya maharusi, na jioni tulirudi nyumbani pamoja, mimi nimebeba pasi, yeye amebeba vitambaa.

Nilipoingia darasa la saba, baba aliacha kuvaa suruali. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: kutwa nzima yuko kwenye cherehani, joto la Handeni ni hilo hilo, na yeye amechoka kubanwa mapaja. Akakata kaki vipande sita, akaviunga, akatia mkanda kiunoni, ikawa sketi iliyovuka magoti kidogo. Ya pili aliitia mfuko wa kuwekea futi ya kupimia na kijimfuko cha chaki. Ya tatu aliizungushia uzi mwekundu kwenye pindo, akaivaa na shati jeupe la kuchomekea na katambuga za tairi alizozisugua mpaka zikang'aa. Kila moja ilimkaa vizuri kuliko iliyotangulia. Labda nasema hivi kwa kuwa mimi ni mwanawe, lakini baba alipendeza.

Mtu asidhani kwamba kwetu mwanamume kuvaa nguo isiyo na miguu ni ajabu. Wazee walishinda na vikoi majumbani, kanzu zilivaliwa kila Ijumaa, na Wamasai waliopitisha ng'ombe walikuwa na shuka zao. Kosa la baba lilikuwa sindano. Nguo ikifungwa kiunoni ilikuwa ya kiume. Ikishonwa mkanda na kutiwa kishikizo ikawa ya kike, na hakuna aliyejua mpaka huo uliwekwa na nani. Wazee wa msikitini walimwita, wakamkagua mbele na nyuma. Sitara ilikuwepo, tangu kitovuni hadi chini ya magoti. Mzee mmoja alijikuna kidevu, akamwambia, "Fundi, fumua huo mkanda tu, uifunge kama wenzio. Maneno yaishe." Baba akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, mimi ni fundi. Nikipiga fundo kiunoni, watu watasema nimeshindwa kushona." Wazee walicheka, wakamwachia.

Kijiji hakikumwachia. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Watu walichekea pembeni, kisha wakapungua, mmoja mmoja. Sare za shule zikaanza kupelekwa kwa fundi wa kijiji cha pili. Mimi nikaitwa Binti Sketi. Nikifika bombani, wasichana niliokuwa nikicheza nao walisogeza ndoo zao na kunyamaza mpaka niondoke. Nilikula uji wa shule peke yangu, nimegeukia ukuta. Baba hakuonekana kujali. Alikaa kwenye baraza tupu, akapima, akakata, akatafuta namna ya kuifanya ya nne ianguke vizuri zaidi. Mimi ndiye niliyeona haya. Jioni nikaanza kutangulia nyumbani, nikaacha kubeba pasi. Alibeba vyote mwenyewe na hakuniuliza kwa nini.

Kisha nikachaguliwa kusoma risala siku ya mahafali yetu, na wazazi wote wangekaa mbele. Nilimwambia baba akiwa anasonga ugali. "Baba, siku ya mahafali uvae suruali." Aliendelea kusonga. "Siku hiyo tu?" aliniuliza. Nikasema siku hiyo tu. Akasema, "Sawa, mwanangu."

Alikuja na suruali nyeusi, mapema kuliko wazazi wengine. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka mwaka mzima. Nilisoma risala bila kukwama. Nilipoinua macho nilimwona ameketi wima kama mgeni, vidole vikivuta kitambaa kukitoa mapajani. Baadaye wanaume walimpa mkono na kumwambia, "Umerudi, Fundi." Asubuhi iliyofuata nilingoja achukue sketi msumarini. Akavaa suruali. Wiki hiyo alizifumua sketi zote, na ile ya nne ambayo hakuimaliza, na kuzishona upya kuwa kaptula za shule, na mimi nikawa nawaona wavulana wakikimbia uwanjani na kaki ya baba yangu, mmoja wao ana vitundu vya uzi mwekundu vilivyobaki kwenye kitambaa. Wateja walirudi. Bombani wasichana waliniita kwa jina langu. Nyumbani tulikula kimya, na upweke wa kimya kile ulinizidi kuliko ule wa shuleni.

Juzi, stendi ya Korogwe, nilimwona kijana wa kiume mwenye sketi nyeusi ya mifuko miwili. Wapo waliocheka, naye alicheka nao. Wenzake walimpiga picha kwa simu, mmoja akimwambia, "Umetokelezea, mwanangu." Nilitazama pindo lake mpaka akapotea, kisha nikarudi kibandani na kukata kaki vipande sita. Nilitia mkanda, mfuko wa futi, kijimfuko cha chaki na uzi mwekundu, nikapanda basi kwenda Mazingara.

Baba amezeeka na macho hayaoni vizuri, lakini alipitisha kidole kwenye pindo lote, taratibu. "Mshono umenyooka," alisema. Akaikunja vizuri, akanirudishia. Nikamwambia, "Baba, nilikuomba siku moja tu." Akasema, "Najua. Wale wa kijijini walikuwa wanacheka tu, mwanangu. Wewe ulikuwa unaona aibu." Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama nimekula.

Sketi nimeitundika kibandani, juu ya cherehani. Siku hizi vijana huingia na kuuliza bei yake. Nawapima, nawashonea za kwao, na ile nawaambia ina mwenyewe.