Karata Kumi na Tano za Kuniokoa

Mke wangu aliamka akakuta meza ya cherehani ipo, cherehani yenyewe haipo.

Mwizi gani huyo anaacha meza?

Mwizi wa nyumbani, ndugu zangu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliibeba begani akaenda kuichezea karata za poka kwenye saluni ya kinyozi. Akaliwa.

Sare za shule za watoto wa wateja zilikuwa zimeshakatwa, zimejaa kitandani. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mke wangu alikaa tu mbele ya ile meza tupu, na mimi roho iliniuma vibaya.

Nikamfuata kinyozi. "Kaka, turudishie. Lile ndilo jembe letu."

"Njoo uishinde, kama nilivyoishinda mimi."

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Poka nilikuwa siijui hata harufu yake. Ila nikajiambia, karata ni hesabu, na hesabu haina mjomba.

Nikanunua karata, nikawasha simu, nikaanza kusoma. Mageti ya wateja yakajaa chaki: hesabu karata zinazoweza kukuokoa, kama bado mbili kufunguliwa zidisha kwa nne, hapo unapata asilimia yako ya kushinda, kwa kukadiria. Nikajigawia karata kwenye sakafu ya karakana mpaka magoti yakaota sugu. Watu wakasema fundi kaingiwa na wazimu.

Jumamosi nikabeba mashine yangu ya kuchomelea mpaka saluni, shemeji akinifuata nyuma. Mashine kwa mashine.

Nikagawiwa tisa na kumi, zote kopa. Mezani zikafunguliwa tatu: jeki ya kopa, mbili ya kopa, nane ya pau.

Moyo paa!

Kopa yoyote ikija, zinatimia tano, nimeshinda. Malkia au saba ikija, mfuatano unakamilika, nimeshinda. Karata kumi na tano za kuniokoa, na mbili bado kufunguliwa. Zaidi ya nusu! Jasho linanitoka, midomo inapiga hesabu yenyewe.

"Naweka mashine," nikasema.

Kinyozi akafunua ree mbili. "Twende."

Ya nne, tatu ya uru.

Ya tano, sita ya shupaza.

Ree zake mbili zikaibeba mashine yangu. Nikaomba angalau nione kopa zangu zilijificha wapi. Nikazigeuza karata zote, moja moja. Kopa nne hazikuwemo.

"Mmeniibia!"

Wakanishangaa kwelikweli. Kinyozi akaonyesha kioo chake ukutani. Nyuma ya fremu kulikuwa na zile kopa nne zimekunjwa, zimekikaza.

"Kilikuwa kinacheza. Mbona kila mtu anajua? Hapa hakuna anayekimbilia kopa."

Nikamgeukia shemeji. "Na wewe ulijua?"

"Nilidhani hesabu zako zimeshazitoa, shemeji."

Nyumbani nilisema yote. Mke wangu alilia mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akanisogezea sindano na kaptura.

"Pinda hapo. Usivute sana uzi."

Tulishona kwa mkono, yeye, mimi na huyo ndugu yake. Hatukumaliza. Jumatatu watoto wa watu walikwenda shule na sare zilizochakaa, na mama zao wakaja kutusema mlangoni.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi, naapa. Zilikuwa sahihi kwa karata za kwenye simu. Ndugu yangu, kabla hujaweka riziki ya nyumba yako mezani, omba kwanza uzishike karata zenyewe. Wakikukatalia, beba mashine yako urudi kazini.