Gari Lililovuta Kushoto

Watu wakiniona nashuka kwenye gari langu hudhani nimeliazima kwa mtoto wa mtu. Ni gari dogo la buluu, limeshushwa mpaka paa linanifikia kifuani, na mimi ni mwanamke niliyeshavuka hamsini, fundi cherehani, mjane, mwenye miwani. Wanataka niwaeleze kwa nini nilinunua gari la namna ile. Nililinunua kwa sababu nililipenda. Nililiona Jumapili moja ufukweni, pale vijana wanapoegesha magari yao ya chini na kupigana picha, mwenyewe amekaa ndani, kioo wazi, mkono nje. Nikamuuliza kama analiuza. Alicheka kwanza. Alipoona simtanii akaacha kucheka, tukaelewana.

Nashona sare za shule. Cherehani zangu ziko Mabatini, nyumba iko Buswelu, na wateja wangu wakubwa ni wenye maduka wa Magu, kwa hiyo kila wiki napeleka mzigo huko. Miaka mingi sare zangu zilisafiri juu ya mabasi ya watu, zikifika na vumbi na harufu ya dagaa, nami nikilaumiwa kwa vyote viwili. Gari lilipopatikana niliapa kwamba biashara ya kubembeleza makondakta imekwisha.

Tatizo lilianza mapema. Kwenye lami iliyonyooka gari lilikwenda vizuri tu. Lakini likikanyaga tuta au shimo, au nikigusa breki ghafla, usukani ulikwenda wenyewe kushoto, kama mtu kanivuta kiwiko. Nikirudisha, linarudi. Tuta likija, linaondoka tena. Nikifika Magu mabega yangu yanauma kana kwamba mzigo nimeubeba kichwani.

Siku moja nilimchukua wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa anakwenda kumwona mama mkwe wake, yaani mama yetu, anayeishi kule Magu. Wifi ni mama mwenye mwili, akakaa kiti cha kushoto na vikapu vyake. Tulipopita Kisesa nikalivaa tuta moja ambalo halikuwa na alama, gari likakata kushoto, likatoka barabarani, likasimama kwenye majani hatua chache kutoka kwa ng'ombe waliokuwa malishoni. Hatukuumia. Hata ng'ombe hawakushtuka sana. Lakini wifi alishuka, akakataa kupanda tena, akamalizia safari kwa bajaji. Jioni ile kaka alikuwa ameshajua yote, na mengine zaidi.

Kaka ni mkubwa wangu. Ameendesha malori maisha yake yote, sasa amestaafu, amenenepa, na kila jambo la familia linapita kwenye kiti chake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza kwa upole kwamba kuendesha ni kazi ya mikono, na mikono yangu imezoea cherehani. Alisema Jumapili ijayo tutakapokutana kwa mama nimkabidhi yeye ufunguo, ampe mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye ndevu zake asiye na kazi maalumu, awe ananiendesha mimi na mizigo yangu. Nikamwambia gari ni bovu, siyo mimi. Akasema vizuri, basi ubovu huo uonekane kabla ya Jumapili.

Nilikasirika mpaka chakula hakikupita. Siyo kwa sababu ya ndugu yangu kunihurumia, bali kwa sababu nilianza kujiuliza kama anasema kweli. Mtu ukiambiwa kila siku hujui, mikono inaanza kusikiliza.

Nikaanza kuzunguka gereji. Fundi wa kwanza aliniuliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia anaongea naye. Akaangalia nyuma yangu, kama vile mwenye gari atatokea. Alitikisa magurudumu, akasema mkono wa usukani umelegea, akabadilisha. Gari likaendelea kuvuta. Wa pili akasema ni bushi, zile raba za miguuni mwa gari, zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha, akaweka mpya. Likaendelea. Wa tatu ndiye mwenye mashine ya alaimenti, akalipandisha, akapima, akanionyesha kwenye kioo kwamba magurudumu yote yamenyooka. Kisha akalijaribu mwenyewe mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Yeye ni pande la mtu. Aliporudi alisema halina kitu, akanishauri kwa heshima zote nisishike usukani kwa nguvu. Wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walinishauri nilipandishe gari lirudi juu kama lilivyotoka kiwandani. Mmoja alisema litanifaa zaidi kwa umri wangu. Sikumjibu, maana gari lilikuwa bado liko mikononi mwake.

Kabla ya Jumapili hiyo, siku za katikati ya wiki, kaka alikuja Buswelu akasema atalijaribu mwenyewe. Akaingia, gari likatoa mguno kidogo, mimi nikakaa kushoto. Akaliendesha kwa mkono mmoja. Tulipita matuta yote mpaka njia ya uwanja wa ndege, mashimo yote, akafunga breki kwa makusudi mara kadhaa. Gari lilikwenda moja kwa moja. Nilikuwa nautazama usukani ule kwa chuki. Alipozima injini mlangoni kwangu alinipigapiga begani, akasema, "Umeona mwenyewe, mdogo wangu. Gari haina shida." Akaondoka bila hata kunywa chai.

Nililia, na nasema wazi kwamba nililia, kwa hasira. Halafu nikanawa uso nikatoka nje kulitazama gari. Lilikuwa limesimama kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba, tupu, hakuna mtu ndani. Nikarudi nyuma mpaka ukutani nikaliangalia kwa mbele, kama ninavyomwangalia mteja aliyevaa sare ya kujaribu. Bega la kushoto lilikuwa chini.

Katika kazi yangu jambo hilo ni la kila siku. Kuna watu bega moja limeshuka, kwa kubeba ndoo au kwa kuzaliwa hivyo, na fundi mzuri anakata upande mmoja mfupi ili shati likae sawa mwilini. Shati hilo likivaliwa na mwenye mabega ya kawaida, pindo linakwenda upande. Nikachukua futi yangu ya kitambaa, nikapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kulia, kisha kushoto, mbele na nyuma. Kushoto palikuwa pafupi kwa upana wa vidole viwili. Nikapima tena kwa sababu sikuamini. Majirani walikuwa wakinichungulia, mama mzima nimepiga magoti napima gari kama bwana harusi.

Nikampigia simu kijana aliyeniuzia. Yeye naye ni mtu wa kujaza mlango. Nikamuuliza tu, aliposhusha gari lake walifanyaje. Akaeleza kwa fahari, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Alisema walikata springi, na kwamba hakuruhusu wakate ovyo. "Nilikaa ndani mwenyewe, mama. Wakawa wanakata, wananiangalia, wanakata, mpaka likalala sawa nikiwa kwenye usukani. Si unajua picha? Mtu anapigwa akiwa ndani."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Akikaa yeye, kulia kulizama kwa uzito wake, kwa hiyo kushoto wakakata zaidi ili pande zote zifanane machoni. Gari zima lilikatwa kwa mwili wake. Nikikaa mimi, kulia hakuzami, kushoto kunabaki chini, na kila tuta linaupiga upande mmoja tofauti na mwingine, magurudumu yanageuka yenyewe. Nikimweka wifi kushoto ndiyo kabisa. Akikaa kaka, au yule fundi wa alaimenti, springi zinapata kile zilichokatiwa, gari linanyooka, nao wanashuka wakinipa ushauri.

Sikukimbilia gereji. Nilitaka kwanza nihakikishe kwa mikono yangu hiyohiyo iliyozoea cherehani. Asubuhi nilipanga majora ya kitambaa cha kaki upande wa kulia, nyuma ya kiti changu na chini yake, mengine nikayalaza pembeni mwa mlango, mpaka nikaona bodi imekaa sawa. Nikaenda kwenye matuta ya barabara ileile niliyopita na kaka. La kwanza, usukani ukatulia. La pili, ukatulia. Shimo moja baya karibu na kona nililikanyaga kwa makusudi, na kwa kasi kuliko inavyofaa. Nikawa nacheka peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu.

Fundi wa kwanza, yule aliyetafuta mwenye gari nyuma yangu, ndiye niliyemrudia, kwa sababu bei zake ni za haki na kazi yake safi. Nilipomweleza, akalala chini akachungulia, akatoka akicheka mpaka akashika magoti. Alisema amekata springi nyingi mjini hapa na hajawahi kufikiria kuuliza nani atakaa ndani. Akanitafutia springi fupi zilizo pea, na shokapu zinazolingana nazo. Aliniuliza kama sasa anipandishie. Nikamwambia asithubutu kuongeza hata upana wa ukucha. Lilibaki chini vilevile, lakini chini pande zote.

Jumapili nilikwenda Magu peke yangu. Sina la kusimulia kuhusu njiani, nilifika tu, mabega hayaumi. Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba akataka kujua kama nimeleta sukari. Nikamwamkia kaka. Tukakaa uani, wali na samaki vikaja, naye akaniuliza kama ubovu umeonekana. Nikamweleza yote, springi, yule kijana, majora ya kaki. Wifi akasikiliza huku mdomo wazi, akasema kumbe siku ile aliyenivuta ni yeye. Tukacheka, hata mama.

Kaka hakucheka. Alikula matonge yake, akanawa, akasema ni vizuri limetengenezwa, litamrahisishia kijana wake kazi. Nikadhani hakusikia. Nikaanza kueleza upya. Akanikatiza kwa upole uleule, akasema siyo suala la springi tena. Gari la chini vile, mjane, umri huu, watu wanaongea. Akafungua kiganja juu ya meza, akakiacha hapo.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Wiki nzima nilizunguka natafuta ubovu wa gari ili nimridhishe mtu ambaye hakuwa na shida na gari. Kama springi zingekuwa nzima tangu mwanzo angepata breki. Breki zingekuwa nzima angepata miwani yangu.

Nikamwambia, "Kaka, ufunguo sitoi. Leo sitoi, na usiniombe tena."

Kiganja chake kilikuwa bado wazi. Mimi nikavuta sahani yangu, nikaendelea kula, kwa sababu nilikuwa na njaa na samaki alikuwa mzuri. Nikamuuliza wifi amemtia ndimu au ukwaju. Akajibu ukwaju, sauti ndogo, lakini alijibu. Mama alimega kipande cha samaki wake akakiweka kwenye sahani yangu.

Wakati wa kuondoka niliaga mmoja mmoja. Kaka alikuwa ameshaingia ndani. Nilipofika kwenye gari nikaona pikapu yake ameisogeza, ameiegesha nyuma ya gari langu, langoni kabisa, hata mbuzi asingepita. Wifi akasema atamwita. Nikamwambia aache.

Niliingia, nikafunga mkanda, nikawasha injini. Sikupiga honi. Nilishusha kioo, nikaweka mkono nje, nikangoja. Watoto wa jirani walikuja kulitazama gari, wakachoka, wakaenda zao. Jua lilihama kutoka kwenye boneti likafika kwenye paja langu. Mafuta yalikuwa yanaungua bure na nilikuwa tayari yaungue yote.

Mwishowe kaka alitoka, funguo za pikapu mkononi. Hakunitazama. Akapanda, akaiwasha, akairudisha nyuma mpaka kwenye shamba la mpunga la jirani, na mimi nikapita.