Kaske Niliyoichagua Mimi

Nisikilizeni vizuri, maana maneno haya yameshazungushwa soko zima la Rubondo mpaka yameota mikia. Watu wanasema ati Mariette, ndiyo mimi, alitaka kumuua ndugu yake kwa sababu ya chuki ya wifi. Waongo! Kumuua sikutaka. Chuki, ndiyo, ilikuwepo, na bado ipo, siifichi sokoni wala kanisani.

Mimi ni muuza mitumba. Nilianza kule kwetu Kongo, Uvira, nikiwa binti, na tangu tulipofika hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale sijafanya kazi nyingine. Balo la nguo likifunguliwa, wenzangu wanarukia rangi, mimi ninanusa. Ninageuza nguo nje ndani, ninavuta mshono, ninatazama kwapani. Nguo mpya ya dukani sijanunua maisha yangu yote, na sioni haya. Ukiifua mara tatu inageuka chandarua. Lakini shati lililovaliwa na Mzungu miaka kumi, utalivaa wewe kumi mingine na mtoto wako atalirithi. Hiyo ndiyo imani yangu, na kila mtu sokoni kwetu anaamini hivyo hivyo: kilichotumika Ulaya kinakishinda kipya kinacholetwa kwetu.

Ndugu niliyebaki naye ni mmoja tu, Déo. Mama alikufa Déo akiwa na miaka minne. Tulipokimbia vita mara ya kwanza nilimbeba mgongoni. Mara ya pili, tulipokuja Uganda, yeye alinibebea mizigo. Akawa motari, anabeba abiria na magunia kwa pikipiki kutoka huku kambini mpaka Kaberebere, na siku nyingine mpaka Mbarara. Halafu akamwoa Marcienne, Mrundi, mwanamke mpole wa kuudhi. Ukimtukana anakujibu "asante". Mtu wa hivyo utamfanya nini? Mimi nikitukanwa ninatukana, tunamaliza, tunakula. Yeye anaweka moyoni. Miaka saba anaweka.

Mwaka jana, wakati wa mvua, Déo aliteleza kwenye mteremko kabla ya Kaberebere, kichwa wazi. Siku mbili hakujua mtu. Daktari alituita, mimi na Marcienne, tukasimama kila mmoja upande wake wa kitanda bila kutazamana, akasema, "Safari hii amepona. Kichwa hiki kikigonga chini tena, sitawadanganya, hatarudi." Alisema taratibu ili tuelewe, na tulielewa wote wawili.

Alipopata nguvu alirudi kwenye pikipiki. Msiniulize kwa nini. Ana watoto watatu, na shamba alilopewa limejaa mawe. Basi mimi nikasema: kama ni lazima apande, atapanda na kaske. Ndiyo hiyo kofia ngumu ya pikipiki. Sisi Wakongomani tunaiita kaske. Motari wetu wengi wanaitundika kwenye usukani, wanaivaa wanapomwona polisi tu. Mimi nilitaka ya kuvaliwa. Nilitoa pesa mimi, kwa hiyo nikasema jicho la kuchagua litakuwa langu.

"Na mimi nakuja," akasema Marcienne.

"Kufanya nini?"

"Ni kichwa cha mume wangu, wifi."

Tukapanda pikipiki ya Déo watu watatu, asubuhi na mapema. Mimi nilikaa katikati, nikamwacha yeye nyuma ashike chuma. Mpaka Mbarara hatukusemezana, na vumbi lote alikula yeye. Nilifurahi.

Duka tulilokwenda ni la mzee mmoja anaitwa Kabanda, Mganda mwenye tumbo na miwani ya kamba, anauza vipuri vya pikipiki nyuma ya stendi. Kaske mpya zilikuwa zimepangwa ukutani, zinang'aa, nyekundu, buluu. Chini, kwenye kona, kulikuwa na gunia la zile zilizotumika, zimeletwa pamoja na mapikipiki ya zamani kutoka Ulaya. Unadhani mimi nilikwenda wapi? Nilikwenda kwenye gunia moja kwa moja.

Kabanda akashusha moja mpya, akampa Marcienne. Nikainyang'anya. Nyepesi! Nikaigonga kwa kidole, ikalia koo-koo kama kibuyu kitupu. "Hii ni ya kunywea pombe," nikasema. Watu waliokuwa dukani wakacheka, na mimi nikichekewa vizuri ninavimba kichwa, Mungu anisamehe.

Nikachakura gunia. Ya tano ndiyo ikanipata: nyeusi, nzito, kitambaa cha ndani kinene, na kilebo kimeandikwa Kifaransa. Nikanusa. Harufu ya sabuni ya kule, ile ninayoijua. Nikavuta ukanda, haukulegea. Nikamvalisha Déo. Alisimama katikati yetu na mikono yake imening'inia, kama mbuzi anayepimwa kwa macho siku ya soko.

"Mama, hapana chukua hiyo," Kabanda akasema. "Hiyo ya zamani mimi nauza kwa watu ya kupita polisi tu. Helmeti kama ilianguka mara moja, ndani kwisha. Huwezi kuona. Ni kama yai."

"Na hizi zako mpya hazijaanguka?"

"Hapana. Ziko mpya."

"Na bei yake ni mpya pia, eh? Mzee, mimi sikuzaliwa jana. Unataka kutoa zile zinazokuletea faida."

Hapo Marcienne akafungua mdomo. "Wifi, tumusikilize huyu muzee. Yeye ndiyo kazi yake. Tuchukue mpya."

Nawaambieni kweli, kama angenyamaza huenda ningefikiri. Neno la yai lilikuwa limeanza kuniingia. Lakini kumsikia yeye, mbele ya watu, akinifundisha kuchagua kitu kilichotumika! Mimi! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," nikamwambia. "Wewe ulichagua nini maisha yako? Hata gauni ulilofungia ndoa nilikuchagulia mimi."

"Asante," akasema.

"Déo! Sema wewe. Ipi?"

Déo alikuwa ameivua ile nyeusi, anaizungusha mikononi, kidole kimeingia ndani chini ya kitambaa. Alinitazama, akamtazama mke wake. "Yaya, fanya vile unataka," akasema, maana mimi dada yake mkubwa huniita yaya. "Jua linakuwa kali, tuende."

Nikalipa ile nyeusi. Kurudi nyumbani nilikaa tena katikati, nimeshika mgongo wa ndugu yangu, najisikia malkia. Wiki nzima pale sokoni nilihadithia nilivyomshinda Mganda wa Mbarara na gunia lake.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwao nikaichukua kaske kuifua. Mimi kitu cha mitumba hakikai mwilini mwa mtu wangu bila kufuliwa na mkono wangu. Nikafika nayo nyumbani, nikafumua kitambaa cha ndani ili nikiloweke.

Chini yake kuna kile kitu cheupe chepesi, kama kinachofungiwa redio kwenye katoni. Kilikuwa kimebonyea. Shimo la kutosha kiganja changu, upande wa kulia, na kutoka pale ufa umekwenda mpaka nyuma. Ndani ya ufa ulikuwa umenasa unywele mmoja, mrefu, rangi ya majani makavu.

Nilikaa chini. Nilifahamu palepale. Kichwa cha mtu fulani huko Ulaya kiliingia pale, na hii kaske ikafanya kazi yake siku hiyo, ikaimaliza. Kilichobaki ni ganda. Mimi nilinunua ganda la yai, nikamvalisha Déo.

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa sababu hiki ndicho watu wa Rubondo hawakijui, na mimi nakisema mwenyewe. Nilifua kile kitambaa. Nikakianika. Kilipokauka nikakirudisha, nikakishona kwa uzi mweusi mara mbili, mshono mdogo mdogo, ili mtu asiweze kukifumua tena. Jioni nikaipeleka. Marcienne akaipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Asante, wifi, sasa inanukia vizuri," akasema. Nikamwona usoni kama anacheka. Labda hakuwa anacheka. Nikaondoka.

Nilijiambia nitasema kesho. Jumatatu nikasema kesho. Mficha maradhi kifo humuumbua, ninajua, methali hiyo ninawaambia wateja wangu kila siku. Lakini kila nilipofungua mdomo nilimwona yule mwanamke akisema "asante" mbele ya soko zima, na mdomo ukajifunga. Jumanne mvua ikanyesha. Nilikaa kibandani nasikiliza kila pikipiki inayopita, nakisia injini. Ya Déo ninaijua, inakohoa. Ikikohoa nilishukuru, isipokohoa nilikosa hata kurudisha chenji vizuri. Na bado nilinyamaza. Mimi ni mtu mbaya wa namna hiyo, nilikuwa sijui.

Alhamisi, saa tisa mchana, kijana mmoja akapita sokoni mbio. "Motari wa kwetu ameanguka kwenye mteremko wa hapa chini! Anatoka damu!"

"Nani?" nikapiga kelele. "Nani?"

Alikuwa ameshapita. Niliacha kibanda wazi, nguo zote, balo zima, nikakimbia. Viatu vilibaki matopeni. Nilikimbia miguu mitupu na uzee wangu huu, nikisema maneno nisiyoyajua. Nilipofika nilipasua watu kwa viwiko. Aliyelala pale alikuwa Joël, mwenzake na Déo, mguu umevunjika, anatukana ng'ombe aliyemkata njia. Kichwa kizima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mtu mwenye mguu uliovunjika, akanitukana na mimi, na ilinistahili.

Kutoka pale sikurudi sokoni. Nilikwenda nyumbani kwa Déo. Alikuwa ndiyo kwanza anaegesha pikipiki uani, kaske bado kichwani. Marcienne alikuwa anapepeta maharagwe. Waliniona nimejaa matope mpaka magotini.

"Lete hapa," nikasema.

"Yaya, kuko nini?"

"Lete hiyo kaske!"

Marcienne akasimama. "Wifi, muache kwanza apumzike. Kama ni pesa zako unazitaka..."

"Nyamaza wewe!"

Nikaivuta mwenyewe kichwani kwa Déo, karibu nimng'oe masikio. Mkasi ninatembea nao daima, umefungwa kwenye khanga. Nikakata mshono wangu, uzi kwa uzi, nikang'oa kitambaa nikakitupa kwenye maharagwe. Nikamwekea wifi lile shimo chini ya pua.

"Tazama. Ulisema kweli. Yule mzee alisema kweli, na wewe ulisema kweli, na mimi niliiona Jumapili nikaishona juu yake. Haya, cheka! Ita majirani wacheke!"

Hakucheka. Aliingiza mkono kwenye lile shimo, mkono ukaenea. Akautoa. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba nikamsikia akipaza sauti.

"Siku ine, Mariette! Siku ine unamuacha anapanda na hii! Wewe ni mutu?"

Hakusema wifi. Alisema Mariette. Nilikuwa tayari kumjibu, nilikuwa na maneno kumi mdomoni, na haki ya Mungu ningeyatoa yote.

"Munyamaze," Déo akasema.

Hatukunyamaza.

"Munyamaze! Mi nilijua."

Alikuwa amekaa kwenye kigogo, viganja vimebana pande zote mbili za kichwa, macho yamefungwa. "Nilijua tangu Mbarara. Wakati mulikuwa munagombana pale kwa duka, niliingiza kidole, nikasikia pahali imebonyea ndani."

"Ukanyamaza?" nikasema.

"Ningesema nini? Ningesema ni mbaya, yaya ungesema bibi yangu ananituma. Ningesema ni muzuri, huyu angesema nakuogopa. Nimechoka. Kila siku naingia humu, huyu ananiuliza juu ya kaske. Naenda kwako, unaniuliza juu ya kaske. Kichwa kinaniuma tangu mwezi ule wa mvua, kinaniuma asubuhi, kinaniuma sasa hivi. Hakuna hata mumoja aliniuliza kichwa."

Kuku waliingia kwenye maharagwe na hakuna aliyewafukuza.

Hasira iliyonishika pale sijawahi kuijua. Mjinga! Alivaa kifo zaidi ya wiki na macho yake wazi, ati kwa sababu sisi tuna kelele! Nilimwendea. Mkono wangu ulipanda kumpiga kofi, kama nilivyokuwa nampiga akiwa mtoto akichezea moto. Ulifika juu, ukakosa pa kutua. Kwa sababu ningempiga wapi? Ni kichwa kile kile.

Ukabaki hewani mpaka Marcienne akaja nyuma yangu akaushika, akaushusha.

"Niachie," nikamwambia.

Hakuniachia.