Anwani Moja ya Watu wa Kinuni

Siku hizi mjini kwetu Mwanza yamefunguliwa maduka ya intaneti, na wenzangu wa kidato cha nne wanajigamba kwamba kila mmoja ana anwani yake. Nikiwasikia namkumbuka shangazi Wilhelmina na kile chumba cha ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, ambako mwaka juzi nilijua kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta nazo husalimiana. Nimekikumbuka sana kile chumba. Nimekumbuka hata harufu yake, ya plastiki iliyopata moto na dagaa waliokuwa wakianikwa nyuma ya jengo.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa karani katika kinu cha pamba huko Magu, na kazi yake iliyojulikana na wote ilikuwa moja: sanduku la posta. Kinu kilikuwa na sanduku moja tu, na watu wote walilitumia. Mafundi, wapakiaji wa marobota, wake zao, katekista, mpaka mzee aliyeuza kahawa getini. Mtoto akienda kusoma mbali, kabla ya kupewa nauli alikaririshwa namba ya sanduku la kinu. Basi la barua likifika, shangazi alipanda kwenye mzani wa pamba na kuita majina, na aliyekuwa na barua alisukumwa mbele na wenzake kama bwana harusi.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani yao, na kinu chetu kikanyamaza. Watu wakatawanyika, wengine Geita kwenye dhahabu, wengine Nansio kwenye dagaa. Shangazi akaja kwetu Kirumba, hapa Mwanza. Halafu ikaja habari kwamba mwisho wa mwaka lile sanduku nalo litarudishwa posta.

“Kodi sanduku lako mwenyewe,” baba akamwambia.

“Hapa mjini watu wamejiandikisha kusubiri masanduku tangu ndevu zako hazijaota. Na wale watoto walioko mbali wataandika wapi? Wamekariri namba moja tu maisha yao yote.”

Ndiyo maana aliposikia kuna chuo kinafundisha utangulizi wa mitandao ya kompyuta, na kwamba atakayefaulu atapewa anwani ya barua pepe kwenye mashine ya chuo, alijiandikisha kesho yake. Alitaka anwani hiyo iwe ya watu wote wa kinuni kabla sanduku halijafungwa. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Dada, kompyuta kwa umri huo?”

“Wewe nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Ulichelewa kuelewa, lakini ukaelewa.”

Maelezo ya somo yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo shangazi alinichukua nimsomee. Mwalimu Pius, kijana mwembamba aliyerudi kutoka masomoni Dar es Salaam, hakunitoza kitu. Alinionyesha benchi la nyuma akasema, “Kaa, ila usiguse.” Sijawahi kupewa amri ngumu kama ile.

Siku ya kwanza alisema mashine haziwezi kuzungumza bila protokali. Tukatazamana.

“Protokali ni adabu ya mazungumzo,” akasema. “Mashine ya kwanza inabisha hodi: shikamoo. Ya pili inajibu: marahaba, hujambo? Ya kwanza inamalizia: sijambo. Hapo ndipo habari inapoanza. Salamu isipokamilika, hakuna habari.”

“Mwalimu, na zikiwa rika moja?” akauliza Faisal, mtoto wa muuza vitambaa, ambaye hakuweza kupitisha robo saa bila kuchekesha watu.

“Hata pacha zinasalimiana hivyo hivyo.”

Shangazi akaniinamia. “Hizi zimelelewa vizuri kuliko wewe.”

Nilipenda kila kitu. Nilipenda kujua kwamba barua ya kompyuta hukatwa vipande, kila kipande kikaandikwa kinakokwenda, na kikipotea njiani kinatumwa kingine. Nilipenda mashine ya pembeni iliyopigia simu Dar es Salaam asubuhi na jioni kupeleka na kuchukua barua, ikilia kama paka aliyekanyagwa. Nilikuwa nikienda kulala nawaza: hivi sasa kipande kimefika wapi?

Likaja zoezi la kwanza la vitendo. Mashine nne zilikuwa zimeunganishwa kwa kebo nyeusi, na kila mwanafunzi alipaswa kuzipa anwani za namba ili zionane. Zamu ya shangazi ilipofika, alivaa miwani, akaandika namba ya mashine ya kwanza taratibu. Akaenda ya pili, akaandika ile ile. Ya tatu, ile ile. Ya nne pia. Akarudi kukaa, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyefagia uwanja wake.

Skrini zikaanza kulalamika moja baada ya nyingine. Nilisoma maneno kwa sauti ndogo: anwani hii tayari inatumiwa na mashine nyingine.

“Mama Posta!” Faisal akapiga kelele. “Umezigombanisha!”

Darasa zima likacheka. Mwalimu Pius hakucheka. “Mama, mbona umezipa zote namba moja?”

“Si ziko nyumba moja?” akajibu shangazi. “Sisi kinuni tulikuwa ukoo mzima wa watu, anwani moja, na hakuna barua iliyopotea.”

“Kwa sababu ulikuwepo wewe wa kuita majina. Humu kwenye waya hayupo mtu. Barua ikifika na wenye anwani ni wanne, nani apokee? Anwani haigawanywi, mama. Ukigawanya, mtandao unakufa.”

Shangazi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaifuta tena.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika nyumbani akamwambia baba kwamba chuo basi.

“Si nilikwambia?” baba akaanza, lakini alipomtazama usoni akaacha.

“Nilitaka anwani ya watu wote,” shangazi akasema. “Kumbe huko anwani ni ya mmoja mmoja. Mimi peke yangu naitaka ya nini? Nani ananiandikia mimi?”

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Miaka yote ile aliita majina ya watu, na sikumbuki kama kulikuwa na barua iliyoandikiwa yeye.

Wiki ile aliuza vitumbua barazani, na zoezi la mwisho lilikuwa linakaribia. Mimi lakini neno la mwalimu lilinikaa kichwani, likinikera kama mchanga kwenye wali. Nilivyokuwa nimesoma kwenye yale makaratasi ya somo, kulikuwa na kitu hakilingani. Siku moja nilipotoka shule nikapanda zile ngazi za chuo peke yangu.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Mama yuko wapi? Anaumwa?”

“Ameacha. Mwalimu, anwani ya barua pepe nayo ni namba ya mashine?”

“Hapana. Namba ya mashine ni kama nyumba ilipojengwa, na nyumba mbili hazijengwi kiwanja kimoja. Barua pepe ni sanduku tu ndani ya nyumba. Mwenye neno la siri analifungua, barua zilizomo zinaweza kuwa za...” Akaweka mkono kichwani. “Lo! Na mimi nikamwambia haigawanywi.”

Alifunga darasa akanifuata mpaka Kirumba, na shati lake la kazini, akiruka matope ya mtaani kwetu kama kuku. Shangazi alimkaribisha, akampa kitumbua kabla hajasema neno. Mwalimu akaeleza na kitumbua mkononi. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo mashine, kila moja na yake,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na sanduku naweza kuwapokelea watu wote.”

“Hata Magu nzima. Ila kwanza ufaulu.”

“Kula kitumbua, baba, kinapoa.”

Siku ya zoezi la mwisho nilikaa benchi la nyuma nimekalia mikono yangu mwenyewe. Shangazi aliandika namba nne, hakuna iliyofanana na mwenzake. Kisha akaifanya mashine ya kwanza iite ya nne. Tukasubiri. Faisal hakufanya mzaha, nadhani hata yeye alikuwa akiomba. Jibu likarudi kwenye skrini, mstari baada ya mstari, na shangazi akazitikisia kichwa kama mtu anayeitikia salamu.

Alifaulu, akapewa anwani. Aliporejesha sanduku la posta mwisho wa mwaka, barua za kuwaambia watoto anwani mpya zilikuwa zimeshatumwa. Januari ikapita hakuna kitu. Baba akaanza kuepuka kuuliza. Kisha jioni moja mwalimu Pius akatuletea karatasi iliyochapwa. Ilikuwa ya Dorcas, binti wa Odeta aliyekuwa mshona magunia kinuni. Tukapanda meli kwenda Nansio kumpelekea mama yake.

Odeta aliigeuza karatasi pande zote. “Mwandiko huu si wa mwanangu.”

“Ni wa mashine. Maneno ndiyo yake. Sikiliza.”

Shangazi akasoma: Dorcas amejifungua mtoto wa kike, mama mkwe anasema maziwa hayatoshi, ameanza kumpa uji. Odeta akasimama, dagaa aliokuwa akiwachambua mapajani wakamwagika.

“Uji! Mtoto hajakaza hata shingo! Mwambie aache mara moja. Na huyo mama mkwe mwambie...”

Aliyosema juu ya mama mkwe yalikuwa mengi. Jumatatu yake shangazi alikaa mbele ya mashine ya chuo, akiandika kwa kidole kimoja, na mimi nikimwonyesha herufi zilipojificha.

“Shangazi, hata hili tusi tuliandike?”

“Barua si yangu,” akasema, akitafuta herufi. “Kazi yangu ni kuifikisha.”