Mashine Haikuwa na Kosa

Mpiga chapa wa baraza alikuwa mama asiyeona tangu utotoni, na kwa miaka kumi na miwili kumbukumbu zote za vikao zilipita mikononi mwake. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya mfumo wa Linux, na ndani yake mlikuwa na programu iliyomsomea kila kilichokuwa kwenye skrini. Sauti hiyo ikinyamaza, mashine nzima kwake ni ukuta.

Jumanne asubuhi ilinyamaza. Aliiwasha, akasikia feni tu. Akapapasa waya za spika, akabonyeza huku na kule, wapi! Akaiamuru izime ili aiwashe upya. Robo saa nzima feni inanguruma, kuzima haizimi.

Akaitwa fundi wa kompyuta. Fundi alifika na mkuu wa ofisi, akasimama nyuma ya kiti cha yule mama na kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni meza.

"Mzee, hii ni ya kutupa. Sauti imekufa, kuzima imeshindwa. Uzee huo. Na hizi mpya hazina hiyo programu yake. Bora apelekwe mapokezi, awe anapokea simu."

"Anayepelekwa yupo hapa," mama akasema. "Niulize mimi. Sioni, lakini kusikia nasikia."

"Usijali mama, tutakusaidia," fundi akajibu kwa ile sauti ya kubembeleza watoto, kisha akachomoa waya wa umeme ukutani, mashine ingali inafanya kazi. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kuizima kompyuta kwa kuinyonga.

Alhamisi barua ya uhamisho ikatoka. Aliyeileta alikuwa karani wa masjala, mume wa dada yake, na ikambidi amsomee. Alipofika kwenye "kutokana na hali yako" akasita.

"Malizia, shemeji."

"Nimemaliza. Hakuna zaidi."

"Hali yangu! Kompyuta inaharibika, mgonjwa nawekwa mimi!" Akaigonga meza. "Vuta kiti. Nikopeshe macho. Usinifafanulie kitu, wewe soma tu."

"Mimi kompyuta nazijulia wapi?"

"Kusoma unajua? Basi kaa."

Akaiwasha mashine, akafungua dirisha la kuandikia amri. Vidole vilijua njia. Akaiagiza mashine itaje vifaa vyake vya sauti. Shemeji akasoma kwa kusuasua, herufi kwa herufi: spika zipo, na HDMI ipo. Iliyochaguliwa ni HDMI.

"HDMI ni ule waya wa skrini," mama akasema taratibu. "Tangu lini skrini yangu ina waya huo?"

"Si wamekubadilishia? Jumatatu ulipokuwa kikaoni, fundi alileta hii nyembamba. Haina hata spika."

Mama akaandika amri nyingine, akairudisha sauti kwenye spika, na ile sauti kavu aliyoizoea ikaanza kusoma pale pale, haraka haraka. Shemeji aliruka kitini. Mama alicheka, lakini hasira ikabaki palepale.

"Sasa tuizime. Nikibonyeza hapa, picha itaondoka na maandishi yatatokea. Soma mstari wa mwisho."

"Inasema… inasubiri folda ya seva. Sekunde zinahesabiwa, mwisho wake haujaandikwa."

"Seva ipi?"

"Si ile ya zamani ya chumba cha chini, iliyotunza mafaili ya ofisi nzima? Fundi na wenzake waliing'oa Jumatatu hiyo hiyo. Ipo kwangu masjalani, wameiegemeza ukutani."

Kumbe! Mashine ilikuwa inamsubiri aliyekwisha kuondoka, iagane naye kabla ya kulala. Safari hii hapakuwa na njia ila kushikilia kitufe hadi izime. Walipoiwasha tena, mama akaifungua orodha ya folda zinazounganishwa mashine inapoamka, akaufikia mstari wa seva ile, akautangulizia alama ya reli, ile #, ili upuuzwe. Akaamuru kuzima. Feni ikakata mara moja.

Hakungoja kupoa. Aliingia kwa mkuu wa ofisi, fundi akiwa humo.

"Sauti uliihamisha wewe. Seva uliing'oa wewe. Ukaisingizia mashine, kisha ukanisingizia mimi."

"Mama, cha muhimu imepona," mkuu akasema. "Tusikuze mambo."

"Haikuugua, mzee."

Fundi akaguna tu, akaangalia simu yake. Samahani haikumtoka.

Jumatatu iliyofuata uhamisho ulifutwa kwa barua nyingine: "kufuatia kifaa kurejea katika hali nzuri." Mama akamsikiliza shemeji mpaka mwisho, akamzuia kuifungia kwenye faili.

"Kifaa kimejirejesha chenyewe? Kaa nayo kwanza."

Akawasha kompyuta, akachapa ukurasa mmoja: nani alibadilisha skrini, nani aliondoa seva, siku gani, na nani aligundua. Akauchapisha nakala mbili, akatia sahihi.

"Hizi ndizo utakazofungia kwenye faili," akasema. "Juu ya hiyo yao."