Kikaango cha Mbeyu Hakilii

Mbeyu Changawa hakuwa na ugomvi na mtu yeyote aliyekwisha kufa. Walio hai wa Bombolulu, kuanzia mwenye nyumba hadi paka wa mwenye nyumba, alishakosana nao wote angalau mara moja, na wengine aliwarudia kwa kuwa mara ya kwanza aliona hawakusikia vizuri. Alikuwa mwanamke mnene aliyevuka hamsini, mguu wa kulia umefungwa chuma tangu utotoni kwa sababu ya polio, na kwapani ana gongo ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia kutembea na ya pili kusukumia watu. Alishona mikoba ya shanga katika karakana ya watu wenye ulemavu. Alikwenda kazini kwa miguu yake na kurudi kwa miguu yake, na ole wake mpita njia aliyemwambia, "Pole, mama."

"Pole ya nini?" angemuuliza. "Nimefiwa? Ama waniomba radhi kwa hiyo sura yako?"

Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba mkabala kwa mkabala, ukumbi katikati, na ua nyuma ambako kila mtu hupika machoni pa mwenzake. Katika nyumba kama hiyo huna haja ya kuchungulia sufuria ya mtu ili ujue hali yake. Unasikiliza tu. Kikaango kikilia chwaaa, basi chumba kile kuna nyama na mambo yao ni mazuri. Kikilia kidogo, ni mayai. Kisipolia kabisa, watu hutazamana, na kabla jua halijatua ukumbi mzima umeshakuzika.

Kikaango cha Mbeyu ndicho kilichokuwa na sauti kubwa kupita vyote. Kila jioni akitoka kazini alipitia kwa Kyalo, muuza baga wa pale njia panda, akachukua baga moja kubwa: kababu nene ya kima, yai, chipsi zilizoshindiliwa ndani ya skonzi, na mayonezi inayotiririka mpaka kiwikoni. Akiifikisha nyumbani aliikaanga tena, skonzi na yote, maana kwa maoni yake Kyalo alikuwa bahili wa mafuta. Nyumba nzima iliisikia baga hiyo ikilia, ikajua Mbeyu yu mzima, na ikaendelea kumchukia kwa amani.

Aliyeharibu amani hiyo ni Fidel. Huyu alikuwa fundi wa vyuma vya miguu pale karakana. Mwenyewe alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na alikiendesha kama gari la wizi. Siku moja alilipiga goti la Mbeyu kwa kidole, akalisikiliza kama anayechagua nazi, kisha akatikisa kichwa.

"Chuma nitakutengenezea kinene upendavyo," alisema. "Goti ndilo sina spea yake."

"Sema unachotaka kusema."

"Punguza mwili. Ukiongeza kidogo tu, utaingia kwenye kiti kama mimi."

"Kama wewe? Na mdomo huo pia nitapewa?"

"Mimi kiti changu nakipenda, Mbeyu. Kwangu ni lami mpaka mlangoni. Kwako kuna ngazi, kuna mchanga, kuna mtaro. Wewe utasukumwa. Asubuhi utasukumwa, jioni utasukumwa. Na huyo atakayekusukuma, njia nzima atakuwa anakuonea huruma."

Mbeyu alimtukana kwa Kigiriama, kisha akamtukana kwa Kiswahili ili asikose kuelewa. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani alipita kwa Kyalo bila kusimama. Kulemaa hakukuwahi kumwogopesha. Kuonewa huruma kila siku asubuhi na jioni kulimtia baridi ya mifupa.

Mtu wa kliniki alimshauri ale mboga za kuchemsha. Mbeyu alimsikiliza kwa adabu kubwa, jambo ambalo kwake ndilo tusi la mwisho. Kuacha baga hataacha, alijiambia. Atakayebadilika ni baga. Akaenda buchani.

"Paja tupu," alimwambia muuza nyama. "Toa mafuta yote, kisha usage mbele yangu."

"Mama, nyama bila mafuta haina utamu."

"Nimekuja kununua nyama au kuchumbiwa?"

Baga ya kwanza ilisambaratika kikaangoni kama chama cha siasa baada ya uchaguzi. Ya pili ilishikana, lakini ikawa kavu mithili ya soli ya kandambili. Aliitafuna huku akiitukana, akamtukana na Fidel, akamalizia kwa ng'ombe. Ya tatu ndipo akili ilipomjia. Aliifungua skonzi, akaukwangua mkate wake mweupe wa ndani likabaki ganda, na hicho alichokwangua akakiloweka kwenye mtindi. Akakichanganya na kima, pojo zilizochemshwa zikapondwa, kitunguu, thomu, tangawizi, dania, na pilipili mbuzi ya kutosha kumliza askari. Akachoma nusu ya kitunguu kwa uma, akakigusisha mafuta, akakipaka kikaango kama anayempaka mtoto wa jirani: kidogo, na bila mapenzi. Akaweka nyama, akafunika, moto wa makaa mdogo. Nyama ikaiva kwa mvuke wake yenyewe, kimya kama mwizi mwenye heshima zake.

Badala ya mayonezi alitia mtindi mzito wenye thomu. Badala ya chipsi, kabichi iliyofikichwa kwa chumvi na limau, na juu yake ukwaju. Akauma.

Ilikuwa tamu. Jambo hili lilimuudhi sana, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kuichukia.

Mlango wa pili, Nyambura alikuwa akimsuka mteja. Msusi huyu alikuja kutoka bara miaka kadhaa iliyopita na bado alikuwa akiliita joto la Mombasa "hii kitu." Chanuo lake lilisimama hewani.

"Anti Mbeyu!" aliita. "Aki, leo hupiki?"

"Ninapika."

"Mbona siskii?"

"Kwani wewe wala kwa masikio?"

Wiki zikapita, kikaango hakikulia. Mwili wa Mbeyu ukaanza kupungua, kwanza shavu, kisha mkono, kisha paja. Paja lilipopungua, mkanda wa ngozi unaoshikilia kile chuma ukalegea, na chuma kikaanza kugonga anapotembea: kla, kla, kla. Mbeyu akawa anachechemea kuliko zamani. Wa kumtobolea tundu jipya la mkanda alikuwa Fidel, na Fidel alikuwa amekwenda Kaloleni kumzika mjomba wake, na mazishi ya Kaloleni hayana haraka.

Basi nyumba ikakusanya ushahidi. Kikaango kimenyamaza. Amekonda. Mguu unamshinda. Na Kyalo, alipoulizwa, akatia muhuri: "Mteja wangu wa kila jioni! Siku hizi akipita huangalia ng'ambo. Mtu haachi baga hivihivi. Huyo ameachishwa kazi."

Kuanzia hapo Mbeyu akawa anasalimiwa kwa sauti ya wodini. Nyambura alimletea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe yanayoelea mafuta, akasema eti amepika nyingi kwa bahati mbaya. Mbeyu akalirudisha, akasema ameshiba kwa makusudi. Asubuhi moja akakuta pakiti ya unga mlangoni. Akaisukuma kwa gongo mpaka katikati ya ukumbi, akapaza sauti: "Aliyesahau unga wake aje auchukue kabla sijawamwagia kuku!"

Hakuna aliyekuja. Kila mlango ulisikika ukimhurumia.

Jumapili moja baada ya misa, Mbeyu alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, baga mbili ziko chini ya mfuniko, aliposikia nyimbo zikiingia kwa mlango wa mbele. Ilikuwa jumuiya ya kanisani kwake. Aliyeongoza ni Phineas, mwenyekiti wao, mtu wa ofisi ya kutoa mizigo kule Changamwe. Tumbo la Phineas lilitangulia kufika kila alikokwenda. Alikuwa kiongozi, ilifaa awe na mjumbe. Siku hiyo mbele ya tumbo kulikuwa na kitu kingine: kiti cha magurudumu, kipya, kimefungwa utepe mwekundu. Mwenyekiti alikisukuma mwenyewe kuanzia barabarani, mchangani, akiwa ndani ya suti, na jasho lilikuwa likimtoka kama aliyebatizwa upya.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada Mbeyu."

"Milele na milele. Hicho ni nini?"

"Tumesikia kilio chako."

"Mimi sijalia."

"Hata kikaango chako hakilii, dada. Sote twajua. Kazi imekwisha, mwili umekwisha, mguu umekushinda, nawe umenyamaza kwa kiburi. Lakini Mungu hasahau. Tumechanga. Sasa keti hapa tupigwe picha, wenzetu waione, halafu tuombe. Na usihofu njia. Zamu za kukusukuma tumeshazipanga. Kesho asubuhi ni Nyambura."

"Mimi niko sawa na hiyo, anti," alisema Nyambura, simu tayari mkononi, macho yamelowa.

Mbeyu alikitazama kiti. Kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lilikuwa baya lake. Kingekuwa kibovu angekitukana tu yakaisha. Aliona zamu zikipita mbele yake, leo huyu, kesho yule, kila mmoja akimsukuma kwa uso wa msibani. Alijua akikaa mara moja kwa picha, hataruhusiwa kusimama tena. Alijua pia kwamba akisimama sasa hivi, kwa mkanda ule uliolegea, goti linaweza kumwangusha palepale mbele yao, na hapo watamnyanyua na kumkalisha wenyewe.

Nyambura alikuwa ameshaingiza mkono kwapani mwake. "Polepole, anti."

"Ondoa mkono kabla haujabaki hapa."

"Dada, kiburi ni dhambi," alisema Phineas.

"Na ulafi je?" alisema Mbeyu. "Ama hiyo dhambi wewe umeitolea leseni?"

Mbeyu akainama, akafungua mkanda wa mguu, akaulaza juu ya gongo. Kwenye jiko palikuwa na msumari mrefu wa kuchokorea makaa, umeiva mwekundu. Akaushika kwa kitambaa, akaukandamiza kwenye ngozi ya mkanda. Moshi ukafuka, harufu ya ngozi iliyoungua ikaenea ua mzima, jumuiya ikaanza kukohoa sauti ya kwanza hadi ya nne. Tundu likapatikana, mbali sana na tundu la zamani. Mbeyu akaurudisha mkanda mguuni, akakaza mpaka meno yakaonekana, akashika gongo, akasimama.

Goti likatetemeka. Likatulia.

Akatembea. Alipita katikati yao, akaupita ukumbi wote, akateremka ngazi za mbele, akaugusa mtaro kwa gongo kama anayeutia adabu, akarudi. Chuma hakikugonga hata mara moja.

"Nimekonda kwa kukusudia, enyi wachawi!" alisema. "Kazi ninayo. Nyama ninayo. Nyie masikio ndiyo mliyo nayo, na hayo yenyewe hayawasaidii!"

Akafunua kikaango. Harufu ya thomu na dania ikapanda, na wale waliokuja kumwombea chakula wakameza mate.

Phineas ndiye aliyeshindwa kwanza. Labda ni jua, labda suti, labda ule mchanga. Alishika kichwa, akapepesuka, akatafuta mahali pa kukaa, na hapakuwa na pengine. Kiti kipya kikampokea kwa mlio wa huzuni.

"Nipumue kidogo," alisema.

Simu ya Nyambura ikamulika.

"Aki pole, mwenyekiti, ilikuwa imetegeshwa. Na picha imeenda. Imeenda kwa grupu."

Ua mzima uliangua kicheko isipokuwa watu wawili. Mbeyu hakucheka kwa sababu alikuwa na kazi. Alichukua ganda la skonzi, akatia nyama, kabichi, mtindi na ukwaju, akamsukumia Phineas mkononi.

"Kula. Si kwa kukupenda. Nataka shahidi."

Phineas akauma. Akatafuna muda mrefu, kama hakimu.

"Haina mafuta."

"Haina."

"Haina mayonezi."

"Haina."

"Hiki ni chakula cha wagonjwa," alisema, na akalamba kidole. "Kuna nyingine?"

Mbeyu aliichukua ile ya pili, akala yote mbele yake, taratibu, akimtazama machoni.

"Hakuna."

Kiti kilipelekwa karakana, Fidel akakikuta aliporudi kutoka mazishini. Alikizunguka mara moja, akayang'oa magurudumu yake mapya, akayahamishia kwenye kiti chake. Kisha akaukagua mkanda wa Mbeyu.

"Nani amekutoboa vibaya hivi?"

"Jumuiya."

"Na goti?"

"Liulize lenyewe. Mimi na wewe hatusemezani."

Ungedhani yaliishia hapo. Lakini watu hawaachi desturi ya masikio yao kwa sababu ya tundu moja la mkanda. Jioni iliyofuata Mbeyu alipoweka nyama kikaangoni, na kikaango kikanyamaza, chanuo la Nyambura lilisimama tena. Mlango ukafunguliwa kidogo, ukanong'ona: "Anti? Uko salama?"

Mbeyu alifumba macho. Akaitoa nyama, akakiacha kikaango kitupu juu ya makaa mpaka kikawaka moto hasa, akachota maji kwa kata, akayarusha.

Chwaaaaa!

Ukumbini mtu alishusha pumzi. "Afadhali," sauti ikasema, "leo mambo yake ni mazuri." Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na chanuo likaendelea na kazi yake.

Mbeyu akakipangusa kikaango, akakipaka kitunguu, akairudisha nyama, akafunika. Ilipokuwa ikiiva kimyakimya, alikaa juu ya mbuzi akawatukana wote kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, kwa majina.